Iko Wapi Kwenye Biblia, na Nani Anajibu?

Hakuna swali linalomchosha katekista wa Isiolo kama lile la jirani yake aliyeokoka: hiyo iko wapi kwenye Biblia? Ataulizwa kuhusu rozari, kuhusu majivu ya mwanzo wa Kwaresima, kuhusu kumwita padri "baba" ilhali Mathayo 23 inaonekana kukataza, kuhusu kuwaombea waliokufa. Katika mtaa kama Chechelesi, ambako watu wa makanisa matatu au manne hupakana ua kwa ua, mdahalo huu hauhitaji jukwaa wala vipaza sauti. Huzuka kwenye foleni ya maji, ukaendelea matangani, kesho yake ukaamkia kwenye bodaboda.

Katekista naye ana majibu yake ya akiba. Hivyo vitabu 66 unavyovishika, nani alikuhesabia? Mbona kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kinamwonyesha Yuda akichanga fedha za sadaka kwa ajili ya wenzake waliokufa vitani, na wewe umekiacha nje? Na hilo fundisho kwamba kila jambo la kanisa lazima litoke kwenye Maandiko, lenyewe limeandikwa wapi? Mmoja anakimbilia Timotheo, mwingine anakimbilia Wathesalonike, kisha kila mtu anakwenda zake akiwa na hakika ameshinda.

Mimi ni Mmethodisti wa kuzaliwa niliyeoa Mkatoliki, kwa hiyo mjadala huu nyumbani kwetu huliwa pamoja na chai. Ninachokilalamikia si ubishi wenyewe. Ni kwamba tumeuweka mahali pepesi. Rozari haimtoi mtu nyumbani kwake, na majivu yakioshwa yanatoka. Liko jambo moja katika nchi hii ya wafugaji ambalo limewakwaza Wakatoliki na Waprotestanti sawasawa, ambalo aya za Biblia zimesomwa juu yake kwa zaidi ya karne moja bila kulimaliza, na ambalo hukumu yake huangukia watu halisi. Ni suala la mzee mwenye wake wawili anayetaka kubatizwa.

Historia ya ugomvi mkubwa inajulikana, nitaipita haraka. Mwaka 1521, mjini Worms, Martin Luther alikataa kukana maandishi yake mpaka aonyeshwe kosa kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi, kwa kuwa mapapa na mitaguso, kwa maoni yake, walikuwa wamekosea na kupingana mara nyingi. Mwaka 1546 Mtaguso wa Trento ukajibu kwamba ukweli wa Injili umo katika vitabu vilivyoandikwa na pia katika mapokeo yasiyoandikwa yaliyotoka kwa mitume, na kwamba vyote vipokelewe kwa heshima ile ile. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum, ukasema Maandiko na mapokeo ni amana moja, ukawakabidhi maaskofu kazi ya kuifafanua, lakini ukaongeza kwamba mamlaka hayo ya kufundisha hayako juu ya Neno la Mungu bali yanalitumikia. Waprotestanti nao ukiwabana hawasemi kwamba Biblia ndiyo sauti pekee inayosikilizwa kanisani. Wanasema ndiyo yenye neno la mwisho. Kwenye karatasi, basi, wamekaribiana kuliko wanavyodhani watu wa foleni ya maji.

Sasa mlete yule mzee. Ukame umemmalizia mifugo, amehamia pembezoni mwa mji. Watoto wake wanasoma shule ya misheni. Mke mdogo ndiye aliyetangulia kanisani, kisha akamvuta mke mkubwa. Mzee mwenyewe sasa anataka ubatizo. Afungue Biblia wapi?

Akifungua Mwanzo atamkuta Abrahamu na Sara na Hajiri, na Yakobo ambaye makabila 12 ya Israeli yalitoka kwa wanawe aliozaa na wanawake wanne. Akifika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, ataona sheria ya urithi kwa mwanamume mwenye wake wawili, mmoja anayempenda na mwingine asiyempenda. Sheria inamzuia asimnyime mzaliwa wa kwanza haki yake, wala haimwambii amwache yeyote. Nabii Nathani alimkaripia Daudi kwa sababu ya mke wa Uria aliyemwiba, si kwa idadi ya wake aliokuwa nao. Kisha mzee akigeuza kurasa atamkuta Yesu, katika Mathayo 19, akirudi kwenye wawili wanaokuwa mwili mmoja, akizungumzia talaka. Atamkuta Paulo akimtaka askofu awe mume wa mke mmoja, na hapo wasomaji wanagawanyika: kuna wanaosema sharti hilo ni la viongozi, kwa hiyo waumini wengine hawakubanwa nalo, na kuna wanaosema Paulo alizungumzia mjane anayeoa tena. Mzee hawezi kujua nani kati yao anasema kweli kwa kusoma aya ile ile mara ya pili.

Luther mwenyewe alikwama hapa. Desemba 1539 yeye na Melanchthon walimpa mtawala Philip wa Hesse ushauri wa siri kwamba anaweza kuoa mke wa pili ili asiishi katika uzinzi, kwa kuwa hawakuona katazo la moja kwa moja katika Maandiko. Ndoa ikafungwa mwaka uliofuata, siri ikavuja, Ulaya nzima ikacheka. Trento, mwaka 1563, ukamlaani kila asemaye kwamba Mkristo anaruhusiwa kuwa na wake wengi. Wakatoliki hupenda kuitaja aibu hii ya Luther, na wana haki ya kufanya hivyo. Lakini aliyejiletea aibu alikuwa anafuata kanuni yake kwa uaminifu: alitafuta aya, hakuipata.

Hapa kwetu kanuni hiyo ilifikia kikomo mwaka 1929, chini tu ya Mlima Kenya. Misheni ya Kanisa la Scotland, Africa Inland Mission (AIM) na wenzao waliwataka walimu na waumini waapishwe kwamba watakataa tohara ya wasichana. Alama ya kidole gumba iliyotiwa kwenye kiapo, kirore, ikawa jina la upande mzima wa waliokubali, na nyimbo za Muthirigu za kuwadhihaki wamisionari zikaimbwa mpaka serikali ikazipiga marufuku. Wamisionari hao ndio waliokuwa wamewafundisha Waafrika kusoma ili waisome Biblia wenyewe bila kumtegemea padri. Wanafunzi wakasoma. Wakauliza: mmetuambia tusishike amri yoyote isiyo kwenye kitabu hiki, haya, katazo hili liko ukurasa gani? Na mkiwa kwenye Agano la Kale, mtuonyeshe pia mahali Mungu alipomtaka Yakobo afukuze wake zake.

Jibu la aya halikuwapo. Maelfu wakatoka, shule za kujitegemea zikaota kote Kikuyuni, makanisa huru yakafuata. Meru, ambako Wamethodisti walikuwa wameanza kazi mwaka 1912, kanisa la mababu zangu lilitikiswa na jambo hilo hilo. Wakatoliki, ambao kila siku walilaumiwa kwa kufuata mambo yasiyo katika Biblia, walikataa kulifanya sharti la ushirika, na baadhi ya waliotoka kwa Waprotestanti wakahamia kwao.

Niseme wazi ninapoegemea, maana makala nyingi za historia hii hujificha. Wamisionari walikuwa sahihi kuhusu kisu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza ukeketaji, na Isiolo bado tunahitaji sheria hiyo itekelezwe. Walichokosea ni kudai kwamba Biblia ndiyo iliyosema, wakati waliosema ni madaktari na wachungaji waliokuwa wameona wasichana wakivuja damu na wanawake wakifa wakati wa kujifungua. Hiyo ni sababu nzuri kabisa. Kanisa lingeweza kusimama na kusema: tumeona, tumeomba, tumeamua, na uamuzi ni wetu. Badala yake likajificha nyuma ya kitabu, na wasomaji wake wakakifungua kitabu wakakuta ukurasa mtupu. Wakatoliki nao wasijipigie makofi. Kunyamaza kwao kuliwaokolea waumini, hakukuwaokolea wasichana.

Kuhusu wake wengi, Waanglikana walichukua karne nzima. Mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth wa mwaka 1888 uliamua kwamba mwenye wake wengi asibatizwe. Akae kwenye mafundisho mpaka hali yake ibadilike. Wake zake, katika hali fulani, waliweza kubatizwa. Askofu Colenso wa Natal alikuwa ameshapinga mapema, akiuliza ni Injili gani inayomtaka mwanamume awatupe wanawake waliomtegemea kama lango la kuingilia kwa Kristo, lakini Colenso alikuwa na kesi nyingine za uzushi, na sauti yake ikazama nazo.

Hoja ikarudi kwa nguvu kupitia David Gitari. Kuanzia 1975 alikuwa askofu wa dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, iliyoanzia mashamba ya kahawa ya Kirinyaga na Embu ikapanda mpaka Isiolo na Marsabit. Yaani kiti chake kilikuwa kwa wakulima, na nusu ya ramani yake kwa wafugaji. Gitari hakuwa mtu wa kuilegeza Biblia. Alikuwa mwinjilisti wa kweli, mhubiri aliyeisoma aya kwa aya mbele ya serikali ya chama kimoja mpaka nyumba yake ikavamiwa. Hata hivyo alitetea kwamba mwenye wake wengi apokelewe. Mwaka 1988 Lambeth wakapitisha azimio la 26. Lilishikilia kwamba ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Kisha likasema mwenye wake wengi aliyeamini anaweza kubatizwa na kupata kipaimara pamoja na wake na watoto wake walioamini, kwa masharti: aahidi kutooa mwingine maadamu yeyote kati ya wake hao yu hai, kanisa la mahali likubali, na asilazimishwe kumwacha mke yeyote kwa sababu ya dhiki ambayo mwanamke huyo ataingia.

Lisome tena sharti la mwisho. Halikutoka kwenye aya. Lilitoka kwa wachungaji walioona mwanamke akirudishwa kwa baba yake na watoto wanne bila mbuzi hata mmoja, kwa jina la Yesu. Kanisa lililojengwa juu ya Maandiko lilifanya kile ambacho Wakatoliki husema kanisa huwa linafanya: liliketi, likapima, likatumia mamlaka, likabadilisha desturi yake ya miaka 100. Tofauti ni kwamba lilifanya hivyo kwa kura, na maneno yake yamechapishwa, yeyote anaweza kuyapinga.

Roma nayo ina njia yake. Kanuni ya 1148 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamruhusu mwanamume ambaye hajabatizwa, mwenye wake kadhaa ambao pia hawajabatizwa, abaki na mmoja wao pale ambapo ni vigumu kubaki na wa kwanza, na awaache wengine. Mizizi yake ni maamuzi ya mapapa wa karne ya 16. Kanuni hiyo inamtaka askofu ahakikishe kwamba wanaoachwa wametunzwa kwa haki na upendo wa Kikristo. Imeandikwa kwa nia njema. Mtu aliyewahi kuona boma likigawanywa anajua nia njema hiyo itakapokwama: hakuna idara ya parokia inayomlisha mke aliyeachwa mwaka wa tatu wa ukame. Eugene Hillman, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyeishi na Wamasai wa Tanzania, aliandika kitabu kizima mwaka 1975 akidai Kanisa Katoliki lifikirie upya, na sehemu kubwa ya hoja zake ilitoka kwenye Biblia. Padri akimwonyesha Papa aya! Roma haikumfuata.

Mlango haukufungwa kabisa hata hivyo. Sinodi ya mwaka 2023 iliwaomba maaskofu wa Afrika, kupitia shirikisho lao la SECAM, walichunguze suala la wake wengi na jinsi ya kuwasindikiza watu wa ndoa hizo wanaoijia imani. Novemba 2025 Vatikani ikatoa waraka wa kimafundisho, Una Caro, wa kuisifu ndoa ya wawili, ukizitaja ndoa za wake wengi za Afrika na pia mitindo mipya ya mapenzi ya watu wengi kule Magharibi. Kuviweka viwili hivi katika waraka mmoja naona ni haraka. Mzee wa Chechelesi aliyelipa mahari mara mbili mbele ya wazee hana undugu na kijana wa Berlin anayetaka kuwa huru na kila mtu.

Nilipowasikia Waprotestanti wenzangu wakisherehekea ugumu huo wa Roma nilitamani wajitazame. Wito wa kutembea mpaka mbele ya madhabahu ili kuokoka, ambao kwa wengine ndiyo alama ya imani ya kweli, ulienezwa na wahubiri wa uamsho wa Marekani kama Charles Finney katika karne ya 19. Shule ya Jumapili ilipata umaarufu kwa kazi ya Robert Raikes pale Gloucester, Uingereza, kuanzia 1780. "Kupanda mbegu" kwa namba ya simu inayosomeka kwenye skrini ni mapokeo ya juzi tu. Msabato, ambaye kanisa lake lilifika Gendia mwaka 1906, huwatazama Wakatoliki na Waprotestanti wote wawili wakienda ibada Jumapili na kuwauliza swali lao wenyewe: hii siku iko wapi kwenye Biblia? Mkatoliki hujibu bila aibu kwamba Kanisa tangu mwanzo limeshika siku ya ufufuko. Mprotestanti hutafuta aya kwa muda mrefu kidogo.

Kwa hiyo ninakubaliana na shemeji zangu Wakatoliki kwamba hakuna kanisa lisilo na mapokeo. Siko nao wanapotaka swali la jirani liachwe. Kwa mtu wa kawaida, "iko wapi?" ndiyo njia pekee aliyonayo ya kumwambia mwenye kipaza sauti: wewe si Mungu. Liondoe, na kinachobaki ni sauti ya mchungaji peke yake.

Tumeona mwisho wake. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, kuanzia Aprili 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaosemekana waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Paul Mackenzie, anayeshtakiwa kwa jambo hilo, amekana mashtaka, na mahakama ndiyo itakayosema. Lakini mazingira yake hayana ubishi. Hapakuwa na sinodi juu yake, hapakuwa na askofu, hapakuwa na mkutano wa mwaka ambao ungemwita ajieleze. Biblia ilikuwapo tele. Wapenda Maandiko peke yake hudhani kwamba kuiweka Biblia mikononi mwa kila mtu humzuia kila mtu kuwa papa. Bila baraza linaloweza kumuuliza, mhubiri mmoja mwenye Biblia ana mamlaka ambayo hata papa hajawahi kuyaota. Na Wakatoliki, ambao wana mabaraza kila ngazi, wanajua kutokana na kesi za mapadri waliowadhulumu watoto katika nchi nyingi kwamba baraza linaloulizana lenyewe kwa siri haliwakingi wadogo.

Ripoti ya kikosi kazi kilichoongozwa na Mutava Musyimi baada ya Shakahola ilifikishwa kwa Rais mwaka 2024, ikipendekeza sheria ya kusimamia mashirika ya dini. Makanisa mengi yananung'unika. Ningependa manung'uniko yao yaambatane na jibu la swali moja: katika kanisa lako, mafundisho yakibadilika, nani huketi, nani hupiga kura, na muumini aliyeumia hupeleka wapi malalamiko yake? Mmethodisti atajibu kwa mkutano wa mwaka, Mkatoliki kwa askofu na mahakama ya Kanisa, Mpresbiteri kwa baraza kuu. Makanisa ya hema yaliyojaa kando ya barabara ya Moyale hayana jibu, na hayo ndiyo yanayouliza kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba rozari iko wapi.

Na hata wenye mabaraza wana jambo la kujieleza. Mkutano wa 1888 uliowaacha wazee wenye wake wengi nje ya kisima cha ubatizo ulikuwa wa maaskofu wanaume. Mtaguso wa Trento vilevile. Hata ule wa 1988, ulioamua kwa huruma kwamba mke wa pili asifukuzwe, haukuwa na askofu mwanamke. Wa kwanza katika ushirika wa Kianglikana, Barbara Harris wa Marekani, aliwekwa wakfu Februari 1989, na Kenya ilisubiri mpaka 2021 kumpata Emily Onyango, askofu msaidizi wa Bondo. Uchunguzi uliokabidhiwa SECAM uko mikononi mwa maaskofu. Wanaweza kuanza kwa kuwaita wake wa wazee hawa, wakubwa kwa wadogo, pamoja na wale walioachwa ili mume abatizwe, wawasikilize kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.